Mjomba anasema nataka kuvunja Muungano

Barua za mwezi huu nyingi zinagusa jambo moja, watu kutoelewana kwenye siasa mpaka undugu unayumba, majirani wanapishana bila salamu. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu sana maana na mimi yalinikuta.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wa miaka 29 nipo Tanga. Kwenye grupu letu la familia la WhatsApp yupo mjomba wangu, kaka wa mama, ndo aliyenisomesha toka fomu wani, ni mtu wa chama tawala damu damu. Juzi nikaandika pale kwamba mimi naona serikali tatu (ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano) za kwenye ile rasimu ya katiba ya Jaji Warioba ndo zingetuliza haya malalamiko ya Muungano. Mjomba akaja juu, kaandika kwa herufi kubwa kwamba vijana tunatumiwa na tunataka kuvunja Muungano walioujenga wazee. Mama mimi sijawahi kusema Muungano uvunjwe, mke wangu mwenyewe ni mtu wa Pemba! Nikamjibu nyie wa serikali mbili kama zilivyo sasa, ya Muungano na ya Zanzibar, mnalinda vyeo tu na mnataka kuimeza Zanzibar. Akatoka kwenye grupu. Toka Idi hatujaongea. Mtu anayenijua toka nanyonya anawezaje kunisingizia kitu ambacho sijasema? (Mpwa, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili na kuna kitu umekiruka. Unaniuliza mjomba kawezaje kukusingizia, wakati mistari miwili juu yake umeniandikia kwa mkono wako kwamba ulimwambia analinda vyeo na anataka kuimeza Zanzibar. Mjomba ana cheo gani? Hujakitaja. Na hiyo Zanzibar aimeze ili apate nini, wakati wajukuu zake mama yao ni Mpemba? Mlisingiziana wote wawili siku moja, ila la kwake lilikuuma na la kwako likakutoka tu mdomoni.

Mimi sidhani mjomba alidanganya. Alichofanya ni kitu ambacho karibu wote tunafanya tukibishana siasa, alichukua anachokiogopa yeye akakiita nia yako. Mjomba anaogopa Muungano kufa, sasa akisikia tu neno serikali tatu akili yake inakimbia mpaka mwisho wa ile hofu, anauona Muungano umeshazikwa, alafu anarudi mbio kukwambia kwamba ndo unachotaka. Pale katikati hoja zako zote kazipita. Na wewe unaogopa Zanzibar kupotea, kwamba mwanao kesho akiuliza kwao mama ni wapi uwe huna pa kumwonyesha, basi ukisikia serikali mbili unakimbia mpaka kule na unarudi kumwambia mjomba kwamba ndo mpango wake. Kila mmoja alikua anajibizana na hofu yake mwenyewe, mwenzake alikua amekaa tu pembeni.

Hebu tuziangalie hoja zenyewe zilivyokua, maana 2014 wewe ulikua bado shuleni na naona umezisikia nusunusu.

Tume ya Warioba, ile iliyokusanya maoni ya katiba mpya, ilikabidhi rasimu ya pili tarehe 30 Desemba 2013. Ilisema serikali tatu, na mambo ya Muungano yapungue kutoka 22 yabaki 7. Angalia hayo saba yaliyobaki: ulinzi na usalama, uraia na uhamiaji, sarafu na Benki Kuu, mambo ya nje, katiba yenyewe, usajili wa vyama, na ushuru wa bidhaa pamoja na mapato yasiyo ya kodi. Yaani jeshi moja, pasipoti moja, hela moja. Mtu aliyeandika hivyo huwezi kumwambia kaandika talaka. Waliounga mkono walikua na hoja yao inayoeleweka, kwamba Wazanzibari wanalalamika Tanganyika imevaa koti la Muungano, yaani serikali ya Muungano ndo hiyohiyo inayoendesha bara, na watu wa bara nao wanalalamika kwamba Zanzibar ina bendera yake, ina wimbo, ina rais, na toka 2010 katiba yake inaitaja kuwa ni nchi, sasa na bara yetu iko wapi? Wakasema basi kila mmoja ajulikane alafu tukae pamoja kwa yale tuliyokubaliana.

Sasa ya mjomba. Kwanza ondoa hilo la vyeo, maana ukikaa ukahesabu, serikali tatu ndo zingezaa vyeo vingi zaidi, pale ulimpiga mjomba na fimbo isiyomhusu. Hoja yao ni nzito kuliko ulivyoiweka. Wanasema serikali ya Muungano itabaki inaelea juu, bara kuna serikali yake na visiwani kuna yake, yenyewe haina watu wala chanzo cha mapato cha uhakika, na kwa vile bara ni kubwa mno kuliko visiwa, basi siku bara wakiona mzigo umewalemea Muungano utakufa wenyewe bila hata mtu wa kuuvunja. Mwalimu Nyerere alilipigania hilo kwa nguvu zake zote pale 1993 wabunge wa bara wale tuliowaita G55 walipotaka serikali ya Tanganyika. Na Rais Kikwete alipolihutubia Bunge Maalum la Katiba pale Dodoma tarehe 21 Machi 2014 hilo la mapato ndo alilolikazania. Unaweza usikubaliane na hizo hoja, mimi mwenyewe zipo nisizokubaliana nazo, lakini ni hoja za mtu anayeupenda Muungano na anauogopea.

Na kuna jambo moja la mwaka ule ambalo ningependa ulijue. Tume ilisema kati ya watu wa bara waliozungumzia muundo wa Muungano, asilimia 61 walitaka serikali tatu na asilimia 24 walitaka mbili, na kwa Zanzibar asilimia 60 walitaka Muungano wa mkataba, yaani nchi mbili zinazoshirikiana kwa makubaliano, na 34 serikali mbili. Upande wa serikali tatu wakazibeba hizo, wananchi wameshasema. Kikwete akachukua kitabu hichohicho cha takwimu akaonyesha kwamba waliotoa maoni ni 351,664 na waliougusa muundo wa Muungano ni 47,820 tu, yaani kama asilimia 14, kwa hiyo kwa wengi hiyo haikua ishu. Zote mbili ni hesabu za kweli! Lakini mtaani kwetu nilisikia watu wakisema Tume imepika takwimu, na wengine wakisema Rais kapika, hakuna aliyekaa kujiuliza kwamba labda mwenzake anasoma ukurasa mwingine wa kitabu kilekile. Tarehe 16 Aprili UKAWA, ule umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka ukumbini, mwezi wa kumi waliobaki wakapitisha Katiba Inayopendekezwa, kura ya maoni ikapangwa Aprili 2015, ikaahirishwa, na mpaka leo haijapigwa.

Mke wako muulize kuhusu Zanzibar, yeye atakwambia vizuri kuliko mimi. Kule kwa miaka mingi mtu akiwa upinzani aliambiwa anataka kumrudisha Sultani. Sultani mwenyewe, Jamshid bin Abdullah, alipinduliwa akaondoka Januari 1964 na kwa zaidi ya miaka 50 alikua anaishi kimya Portsmouth huko Uingereza, 2020 ndo akapata ruhusa ya kwenda kukaa Oman na akafariki huko Desemba 2024. Mzee wa watu yuko Portsmouth, huku mtu anayeulizia tu bei ya karafuu anaambiwa anamtaka yeye. Na upande wa pili nao, mwana CCM wa visiwani aliitwa kibaraka wa Tanganyika, kauza nchi, hata kama babu yake alikua ASP, chama cha Mapinduzi yale ya 1964, na sababu zake za kuyalinda Mapinduzi anazijua na zinamuuma kwelikweli. Alafu angalia 2010. Nchi ambayo 1995 matokeo ya urais yalitangazwa asilimia 50.2 kwa CCM na 49.8 kwa upinzani, tarehe 31 Julai 2010 wakaulizwa kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, asilimia 66 wakasema ndiyo. Hisabati hiyo fanya mwenyewe, asilimia 66 huwezi kuipata kwenye upande mmoja wa watu waliogawanyika nusu kwa nusu. Maana yake wapo wengi kila upande waliokua tayari kukaa na mwenzao, na kila upande ulikua hauamini kwamba wale wa pili wapo. Najua baadae 2015 mambo yaliharibika uchaguzi ukafutwa, sisemi kwamba kura ile ilimaliza kila kitu, lakini ilipigwa na matokeo yake yapo.

Nilisema yalinikuta. Mwaka ule 2014 tulikua tunaangalia Bunge Maalum laivu kila jioni kwangu, na shemeji yangu mmoja mtu wa Unguja alikua anakuja. Mimi nilikua serikali mbili. Siku moja nikamwambia shemeji nyie semeni tu kwamba hamtutaki. Hakunijibu, akanyamaza muda mrefu mpaka nikaanza kuona aibu, alafu akaniuliza, shemeji, hebu niambie mimi nataka nini? Mwanangu, nilishindwa. Miezi miwili nabishana na mtu na siwezi kusema anataka nini! Nikaanza kubabaisha, mara nyie mnataka mamlaka, mara mnataka mafuta yenu. Akasema mimi nataka televisheni niliyoilipia ushuru Zanzibar nikivuka nayo kuja kwako nisidaiwe tena kama nimetoka Dubai. Basi, alianzia hapo. Na lile la kutozwa mara mbili ni kero ya Muungano inayojulikana miaka nenda rudi, imo kwenye ripoti, mimi nilikua sijawahi kuiunganisha na uso wa mtu anayekula chakula changu. Baada ya hapo tuliendelea kubishana, sikuhamia kwake wala yeye hakuhamia kwangu, ila sikumwambia tena kwamba anatukataa.

Kwa hiyo fanya hivi. Usirudi kwenye grupu. Kule kuna ndugu labda arobaini wanaangalia, ulipomjibu mjomba ulikua unajibu mbele ya watazamaji na yeye vilevile, mzee hawezi kushuka mbele ya watoto. Mpigie au mtumie voisi, yeye peke yake. Anza na shikamoo na umwombe radhi kwa lile la vyeo, bila kuweka "lakini" mbele yake. Alafu mwambie hoja YAKE, kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angeyasema. Kitu kama: "Mjomba nimekaa nikafikiri, naona unachohofia ni kwamba tukiwa na serikali ya Tanganyika ile ya Muungano itabaki haina nguvu wala hela, na siku moja bara watachoka na Muungano utaisha bila mtu kuuvunja. Nimekuelewa sawa au bado?" Hapo nyamaza. Usiongeze kitu. Kama umeipata sawa atakwambia ndo hivyo hivyo, na kama hujaipata atakurekebisha, na hata kukurekebisha tayari ni kuongea. Ya kwako usiitoe mpaka akuulize. Anaweza asikuulize siku hiyo, vumilia, yeye ndo mkubwa.

SWALI: Dada habari za huko. Mimi niko Ohio Marekani mwaka wa nane sasa, nafanya kazi ya kutunza wazee. Hapa kazini nusu ni Demokrati nusu Ripablikani na kila mmoja akikupata peke yako anakueleza yule mwingine ni shetani. Wanaongea kama hawajawahi kukutana wakati wanageuza mgonjwa pamoja kila asubuhi, huyu kashika mabega yule kashika miguu! Nikajua labda ni kukosa elimu, ila nesi mkuu mwenye digrii mbili ndo mkali kuliko wote. Hii inakuaje? (Mlezi wa wazee, Ohio)

JIBU: Nzuri mdogo wangu, pole na kazi. Hilo uliloliona kuhusu digrii limepimwa. Mwaka 2019 shirika linaitwa More in Common liliwauliza Wamarekani wa pande zote mbili wanaonaje kuhusu mambo kadhaa, alafu likamuuliza kila mmoja unadhani wale wenzako wanaonaje. Kila upande ulidhani kama asilimia 55 ya wapinzani wao wana misimamo mikali, ukweli ukawa kama 30. Na wanaofuatilia habari za siasa muda wote ndo waliokosea zaidi kuliko wasiofuatilia. Kwa Demokrati kadiri mtu alivyosoma ndivyo alivyokosea zaidi kuhusu Ripablikani, kwa Ripablikani elimu haikubadili kitu. Nesi wako yumo humo.

Mimi naona sababu si ngumu, aliyesoma anakaa na waliosoma, rafiki zake wote ni upande mmoja, na anachokijua kuhusu wale wengine ni zile klipu za yule kichaa mmoja aliyeropoka zaidi wiki ile. Klipu ya mtu mwenye busara nani anaisambaza? Watafiti wengine wawili 2018 walikuta Wamarekani wanakadiria asilimia 38 ya Ripablikani wanapata zaidi ya dola 250,000 kwa mwaka, na ukweli ni kama 2. Wanadhani ni chama kizima cha matajiri, wakati yule Ripablikani wa kwenu anageuza wagonjwa kwa malipo sawa na ya mwenzake!

Kuna moja linakuhusu wewe mhamiaji. Kwenye ule wa 2019 Demokrati walikisia kwamba nusu tu ya Ripablikani wangekubali kwamba uhamiaji ukidhibitiwa vizuri unaweza kuinufaisha Marekani, na waliokubali walikua asilimia 85. Usilichukue hilo kama wote watakupigania, hayo maneno "ukidhibitiwa vizuri" yamebeba mzigo mkubwa na kila mtu anayajaza kivyake, mimi ningekua wewe ningemuuliza yule Ripablikani wa zamu yenu anaposema kudhibiti anamaanisha nini hasa, kwake na kwa mtu kama wewe. Muulize siku mko wawili mnatandika kitanda. Na usikubali kuwa mtu wa kupeleka maneno ya huyu kwa yule, maana naona wote wameshakufanya sanduku la posta.

SWALI: Asalaam aleikum mama. Niko Mombasa. Mimi nakumbuka kura ya maoni ya katiba 2010, tukaambiwa katiba mpya inaleta mahakama za kadhi kuwatawala Wakristo na inahalalisha kutoa mimba. Jirani yetu wa miaka mingi aliacha kutuamkua mpaka kura ikapita. Mimi sikubali kwamba ni kutoelewana tu, kuna watu walijua ukweli na wakapotosha kusudi. Tuwajue vipi? (Mama wa watoto wanne, Mombasa)

JIBU: Wa aleikum salaam mama mwenzangu. Uko sawa, wapo. Mahakama za kadhi zilikua kwenye katiba ya Kenya tangu uhuru, zilitokana na makubaliano ya 1963 na Sultani wa Zanzibar kuhusu ule ukanda wa maili 10 wa pwani, na mwanasheria aliyesimama jukwaani 2010 akasema ni kitu kipya alikua anajua anachofanya. Kipengele cha kutoa mimba, kifungu cha 26, kinaanza kwa kusema hairuhusiwi, ndo zinafuata hali zinazoruhusiwa, pale mtaalamu wa afya aliyefunzwa akiona dharura au maisha au afya ya mama iko hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu. Kusoma nusu ya pili ukaficha ya kwanza ni kupotosha.

Lakini jirani yako simuweki kundi hilo. Wapo waliosoma kifungu chote na bado wakahofia kwamba neno "afya" ni pana mno, na wapo waliouliza kwa nini dini moja itajwe na mahakama yake kwenye katiba na nyingine zisitajwe. Hayo ni maswali, yanajibika. Na sisi wa upande wa Ndiyo tulifanya nini? Tulisema wote wa Hapana wanaogopa katiba mpya itafichua mashamba yao ya wizi. Jirani yako ana shamba gani la wizi, si mnachota maji bomba moja? Alikua anaogopa kuhusu dini yake, tukamwambia mwizi. Kura ikapita kwa asilimia 67 tukafurahi, na sidhani kama kuna aliyerudi kumwomba samahani.

Kumjua anayepotosha kusudi, mimi natumia njia moja. Msomee kifungu chenyewe mkiwa wawili, taratibu, mpe akishike. Mtu aliyekosea atashtuka, au atabisha kwa hoja nyingine, au atasema ngoja nikaulize. Anayepotosha kusudi atakukubalia palepale vizuri tu, alafu Jumapili au Ijumaa utamsikia akisema lilelile kwa watu ambao hawajakisoma. Huyo usihangaike naye, wahi kwa wale anaoenda kuwaambia.

Na kwa jirani yako kama hajahama, anza na kifungu cha 170, kipengele kidogo cha 5. Kinasema kadhi anahusika na hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Ni maneno machache, mnayamaliza kabla chai haijapoa, alafu mwache akuulize la kwake.